Kabla hujakutana na tai ama bundi aliyeumia, panga hivi vitu mapema

Watu wengi huanza kutafuta msaada wakati ndege tayari yuko kwa sakafu ya nyumba, watoto wamemzunguka, mbwa anabweka nje, na mtu ashamwekea bakuli la maji na kipande cha nyama. Hapo muda mwingi umeshapotea. Nasaidia na ndege hawa huku upande wa Naivasha, na wale wanaofika wakiwa na nafasi ya kupona mara nyingi ni wale waliookotwa na mtu aliyejua mapema nini cha kufanya na zaidi nini asifanye. Kwa hivyo naandikia nyinyi mnaoishi karibu na mashamba, barabara kubwa, laini za stima na mbuga, maana kwenu ndo unaweza kumkuta hata kesho asubuhi.

Anza na simu. Save namba ya ofisi ya KWS (shirika la serikali la wanyamapori Kenya) iliyo karibu na wewe, na ya kituo kinachoshughulikia ndege wanaowinda. Kenya Bird of Prey Trust wana kituo Naivasha na kingine Soysambu, pale karibu na Ziwa Elementaita. Tafuta pia daktari wa mifugo mmoja na umuulize wazi kama anaweza kumshika tai, juu wengi wamezoea ng'ombe na mbwa na si vizuri ujue hivyo saa tatu usiku ukiwa na ndege mkononi. Na ujue kabisa kwamba kufuga mnyamapori bila kibali ni kosa kwa sheria ya wanyamapori ya 2013, so nia yako njema haikupi ruhusa ya kukaa naye. Wewe ni wa kumfikisha tu.

Vifaa si vingi. Weka kando boksi gumu la katoni, kubwa kiasi cha ndege kusimama lakini asiweze kukunjua mabawa na kuyapiga, toboa matundu upande wa chini kabla hajaingia, tandika taulo kuukuu ili kucha zishike kitu. Tafadhali usimweke kwa keji ya waya wala banda la kuku. Manyoya ya mabawa na mkia yanakatika kwa waya, na unyoya uliokatika haurefuki tena, inabidi angoje udondoke wenyewe na mwingine uote, yaani ndege ambaye angerudi porini baada ya wiki chache anaweza kukaa hata mwaka akisubiri mkia tu. Inauma sana kuona hiyo kwa ndege ambaye mfupa wake ulishapona. Ongeza blanketi ama shuka nzito, na glavu za ngozi zile za mafundi wa kuchomelea vyuma.

Kumshika sasa. Wengi wanaogopa mdomo, ila kwa tai, mwewe na bundi hatari kubwa iko kwa miguu. Mrushie blanketi afunikwe mwili mzima pamoja na kichwa, giza linamtuliza haraka, halafu ubane mabawa yaegemee mwili na ushike miguu yote miwili juu ya vidole. Akikukamata usivute mkono, kucha zitazidi kuingia. Mwenzako aunyooshe mguu wa ndege taratibu na vidole vitalegea. Tumbusi yeye ni tofauti, miguu yake haina nguvu hiyo lakini anauma na atakutapikia, basi kichwa chake ndo cha kuchunga. Na kama ni tai mkubwa wa kuwinda swala usijaribu peke yako, mfunike, kaa mbali kidogo, subiri watu.

Chakula na maji hapana. Najua ni ngumu kukubali hii, huruma yote inakwambia mpe kitu. Tundu la koo la hewa la ndege liko hapo nyuma ya ulimi, wazi, ukimmiminia maji mdomoni yanaingia mapafuni. Na ndege aliyekonda kwa njaa ya siku nyingi anahitaji joto na maji ya kupewa na daktari kwanza, nyama itakaa tumboni bila nguvu ya kuisaga na inaweza kumuua. Maziwa, mkate, ugali, hivyo vyote si chakula chake. Funga boksi, weka chumba chenye giza na joto kiasi, zima redio, kataza picha. Kabla hujasahau, tuma pin ya mahali halisi ulipomuokota, maana wanaopona hurudishwa eneo lao, pengine mwenzi wake bado yuko hapo.

Vifaranga vya bundi viangalie tofauti. Hutoka kiotani kabla hawajajua kuruka vizuri, wanakaa kwa matawi ama hata chini, na wazazi wanaendelea kuwalisha usiku. Kama hana damu, hana bawa linaloning'inia, mpandishe kwa tawi la karibu mbali na mbwa na paka na uondoke. Ile habari kwamba mama atamkataa akinusa mkono wa mtu si kweli. Ukimlea nyumbani ndo unamharibu kabisa, atakua akidhani watu ndo wenzake na hatafaa porini tena.

Chini ya nguzo ya stima usikimbilie, angalia kwanza kama kuna waya umelala, na usipande kamwe, piga simu kwa watu wa stima. Aliyepigwa na umeme anaweza kuonekana mzima siku ya kwanza halafu nyama iliyoungua ndani inaanza kufa siku kadhaa baadaye, so hata akisimama usimwachilie.

Sumu ndo inanisumbua kuliko yote. Simba ama fisi ameua ng'ombe, mfugaji kwa hasira anamwagia mzoga dawa ya shamba kama Furadan, na tumbusi wanashuka kwa makundi. Botswana mwaka 2019 walikufa 537 mahali pamoja hivyo hivyo, wale walikuwa wamekula mizoga ya ndovu iliyotiwa sumu. Tumbusi huwa anataga yai moja tu, kwa hivyo pengo kama hilo halijazwi upesi, na tangu 2015 aina kadhaa za hapa Afrika ziko kwenye daraja la hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Ukikuta ndege zaidi ya mmoja wamelala karibu na mzoga, wanatetemeka, vidole vimejikunja ngumi, udenda unatoka, usiguse chochote kwa mkono mtupu, ondoa mbwa na watoto, piga KWS hapo hapo. Walio hai wapelekwe kwa daktari mbio mbio kwa sababu hii sumu ina dawa ikiwahiwa. Mzoga usiachwe bila mtu, kila saa unayochelewa wengine wanashuka kula.

Sasa wale mnaotaka kwenda kufundisha mashuleni, hapo pia kuna maandalizi. Ndege wa kwenda mbele ya watu awe yule ambaye hawezi kurudi porini, amezoeshwa glavu polepole, hapumui mdomo wazi akiona umati. Anayetarajiwa kuachiliwa asionyeshwe hata kwa dakika moja. Panga kivuli, watoto wakae chini mbali kidogo, flashi zizimwe, hakuna kugusa, na ukiona amebana manyoya na macho yamemtoka mrudishe kwa boksi lake hata kama hotuba haijaisha. Ongea na mwalimu mapema kuhusu imani za pale, maana sehemu nyingi bundi akilia juu ya nyumba wanasema kuna mtu atakufa, na wanampiga mawe. Usiwacheke wazee. Wapasulie watoto yale madonge bundi anayotapika, waone mafuvu ya panya na mifupa yake midogo wakiihesabu wenyewe, hapo wanaanza kuuliza maswali mazuri sana. Kwa wakulima wa milimani ongelea yule mwewe mwenye mkia mwekundu anayekaa juu ya nguzo za fensi, anawala fuko wanaomaliza viazi, kisha waombe waache sumu ya panya, juu panya aliyekula sumu hutembea polepole na huyo ndo bundi anamkamata kwanza. Ukimaliza mwachie mwalimu zile namba zimeandikwa kwa karatasi kubwa, zibandikwe ofisini mahali hata mlinzi wa usiku anaweza kuziona.