Ngege (samaki tilapia) wa mchuzi mzito kama wa hoteli, ukiwa kwako Kisumu
Ukitoka ufuo wa Dunga na ngege wako wawili usikimbilie kuwatupa kwa mchuzi. Wakate mistari 3 kila upande, paka chumvi, ndimu na tangawizi, waache dakika 20 halafu wapanguse mpaka wakauke kabisa ndio uwakaange kwa mafuta moto, wakiingia na maji ngozi itashika kwa karai na utalia (nimelia mimi). Kazi yenyewe iko kwa vitunguu: moto mdogo, viive polepole mpaka viwe kahawia, tia nyanya, ngoja mafuta yaelee, rudisha samaki dakika 5. Zima moto, ndio utie krimu vijiko 3 na dania, ikichemka itakatika. Ugali wa wimbi, osuga (mboga ya mnavu) pembeni. Kwangu watoto hugombania kichwa, mimi na mkia wangu nimenyamaza.