Kusakinisha LibreOffice kwenye Windows bila kupoteza bando

Usakinishaji ukigoma, mara nyingi kosa limeshafanyika kabla hujabofya faili: limetolewa kwenye tovuti isiyo yake, limekatika njiani, au si la aina ya Windows uliyonayo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu kulipata faili lenyewe. Tunatumia LibreOffice, programu ya bure ya kuandika barua, kupiga hesabu kwenye majedwali na kutengeneza slaidi, ambayo pia hufungua mafaili ya Word na Excel. Ni kubwa kiasi, hivyo kosa moja linakula bando la kutosha.

Anza kwa kuijua kompyuta yako. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi I, ingia "System", shuka hadi "About", usome mstari wa "System type". Mstari huo una sehemu mbili, moja ya mfumo na nyingine ya prosesa, na kinachoamua ni mfumo. Kompyuta ya mtumba inaweza kuandika "32-bit operating system, x64-based processor": prosesa inaweza biti 64, lakini Windows iliyowekwa ni ya biti 32, na faili la biti 64 litakataa. Ukiona "ARM-based processor", chagua faili la Aarch64. Kama bado unatumia Windows 7 au 8, usichukue toleo jipya: kuanzia toleo la 25.8 la LibreOffice mifumo hiyo haikubaliwi tena, na la mwisho linaloifaa ni la mfululizo wa 25.2.

Faili lina takriban MB 350, na programu ikishasakinishwa huchukua hadi GB 1.5. Hakikisha diski C ina angalau GB 3 wazi, kwa sababu Windows huhitaji pia nafasi ya muda wakati wa kufungua mafaili.

Sasa andika libreoffice.org wewe mwenyewe kwenye upau wa anwani wa kivinjari. Usitafute kwa maneno "download LibreOffice" ukabofya jibu la kwanza: mara nyingi la juu ni tangazo la kulipiwa, na huko ndiko watu hupewa programu isiyo yenyewe, au iliyofungashiwa takataka nyingine. Anayetoa LibreOffice ni The Document Foundation. Jina la faili la biti 64 huishia na Win_x86-64.msi. Ukiletewa faili la .exe lenye MB mbili au tatu linalodai "litakupakulia" programu, lifute. Ukishabofya, usishtuke anwani ikibadilika. Tovuti hukupeleka kwenye seva iliyo karibu nawe, ambayo inaweza kuwa ya chuo au shirika jingine kabisa.

Kama unatumia intaneti ya simu, fungua kwanza sifa za Wi-Fi yako kwenye Windows na uwashe "Metered connection", ili masasisho makubwa ya Windows yasinyang'anyane bando na faili lako. Mtandao ukikatika, bonyeza Ctrl+J kwenye kivinjari kisha "Resume". Faili ambalo halijakamilika huishia na .crdownload kwenye Chrome na Edge, au .part kwenye Firefox. Kulibadilisha jina hakulikamilishi.

Kisha lihakiki, ujue kama limefika zima na ndilo lenyewe. Hatua hii huchukua dakika moja na wengi huiruka. Fungua folda ya Downloads, bofya upau wa anwani wa folda hiyo, andika cmd, bonyeza Enter. Kwenye dirisha jeusi andika:

certutil -hashfile

acha nafasi, andika Libre, bonyeza Tab ili jina lijimalizie, acha nafasi tena, andika SHA256, bonyeza Enter. Utapata mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Ulinganishe na ule ulio kwenye kiungo cha "Info" kando ya kitufe cha kupakulia. Hata baiti moja ikipungua, mfuatano mzima hubadilika. Ukitofautiana, futa faili na upakue upya, usijaribu bahati.

Kusakinisha kwenyewe ni kazi nyepesi. Funga programu nyingine, bofya faili mara mbili, bonyeza "Next". Hapa tunashauri "Custom" badala ya "Typical", kwa sababu moja: ndani ya "Optional Components", chini ya "Dictionaries", ipo kamusi ya tahajia ya Kiswahili, na kompyuta iliyowekwa Kiingereza inaweza isikuchagulie. Iwashe. Kwenye kurasa zinazofuata, ukikuta alama ya kuifanya LibreOffice ianze pamoja na Windows, iondoe, hasa kama RAM ni GB 4 au pungufu. Bonyeza "Install", kisha "Yes" Windows ikiuliza ruhusa. Ikikudai nenosiri badala ya "Yes", akaunti yako si ya msimamizi. Mwite mwenye kompyuta.

Vikwazo vinavyojirudia ni vichache. Ujumbe kwamba faili halikubaliwi na "processor type" maana yake umechukua la biti 64 kwa Windows ya biti 32. Ujumbe kwamba kifurushi cha usakinishaji ("installation package") hakiwezi kufunguliwa kwa kawaida ni faili lililokatika. Kosa 1618 linasema usakinishaji mwingine unaendelea. Subiri umalizike, au zima na uwashe kompyuta. Windows ikisema inaruhusu programu za Microsoft Store tu, huenda uko kwenye S mode: unaweza kuiondoa bure kupitia ukurasa wa "Activation" ulio ndani ya mipangilio ya Windows, lakini ukishatoka huwezi kurudi. Kwenye kompyuta za shule au kafe, programu ikitoweka baada ya kuwasha upya, kuna kinga inayorudisha diski ilivyokuwa, na ni msimamizi pekee anayeweza kuiondoa.

Ikishafunguka, nenda "Tools", "Options", kisha sehemu ya lugha, uweke Kiswahili cha Tanzania kuwa lugha ya nyaraka. Bila hivyo karibu kila neno lako linaweza kupigiwa mstari mwekundu, hata kama kamusi ipo.

Faili la .msi usilifute. Liweke kwenye fleshi safi: leseni inaruhusu kulinakili, na MB 350 ulizolipia mara moja zinatosha kwa kompyuta zote za ofisi au darasa zenye Windows ya aina hiyohiyo.