Jinsi ya kugeuza pointi za dukani kuwa akiba ya masomo ya mtoto

"Hizi zilifutwa mwezi uliopita," keshia aliniambia huku akinirudishia kadi. Pointi za miaka mitatu, zile ambazo duka humpa mwenye kadi yake kila anaponunua. Nilikuwa nimezitengea ada ya mtoto, lakini nilizitenga kichwani tu. Kadi ilikaa mkobani, pointi zikakaa kwenye kompyuta ya duka, na masharti ya duka yakafanya kazi yake. Tangu siku hiyo sihesabu pointi kuwa akiba mpaka ziwe pesa kwenye akaunti ya mtoto. Hivi ndivyo ninavyozifikisha huko.

Hatua ya 1: Fungua akaunti kabla ya kuchukua kadi

Wengi huanza na kadi. Anza na mahali pesa itakapokwenda. Tafuta akaunti ya mtoto inayopokea kiasi kidogo, inayotoa riba, na isiyokata makato ya kila mwezi. Hilo la makato lisisitize, kwa sababu pointi huleta pesa ndogo ndogo, na makato madogo yanaweza kuzimeza zote. Usiiunganishe na kadi ya kutolea pesa unayotembea nayo.

Uliza pia kama nchi yako ina akaunti maalumu za elimu. Marekani, kwa mfano, wana mipango inayoitwa 529, jina lililotokana na kifungu cha sheria ya kodi cha mwaka 1996: faida yake haikatwi kodi ya serikali kuu ikitumika kwa masomo. Mwaka 2001 ikaanzishwa huko huduma ya Upromise, ya kurudisha sehemu ya pesa ya manunuzi na kumwezesha mzazi kuielekeza kwenye mpango huo. Pasipo na huduma ya namna hiyo, kazi ya kuhamisha pesa unaifanya mwenyewe, na si ngumu.

Hatua ya 2: Pima pointi moja ina thamani gani

Idadi ya pointi isikubabaishe. Tuseme duka linatoa pointi 1 kwa kila 100 unazotumia, iwe sarafu yoyote, na kwa pointi 500 unapewa vocha ya 250 ya kununulia humohumo dukani. Ili upate pointi 500 umetumia 50,000. Gawanya 250 kwa 50,000: ni nusu ya asilimia moja. Duka la pili linatoa pointi 10 kwa kila 100, inapendeza, ila pointi 5,000 ndiyo vocha ya 250. Ni nusu asilimia ileile, imevalishwa tu nguo kubwa.

Ukishapata asilimia, soma masharti utafute mambo matatu: pointi zinakufa baada ya muda gani, kiwango cha chini cha kuzitoa ni kipi, na unalipwa pesa taslimu au vocha. Mimi kadi inayorudisha chini ya nusu asilimia siibebi.

Hatua ya 3: Chagua chache, kusanya watu

Kadi mbili au tatu zinatosha, za mahali unaponunua kila wiki kwa vyovyote vile. Pointi zilizotawanyika kwenye kadi tisa hazifiki kiwango cha kutolewa popote. Programu ya pointi ya duka ikiruhusu, nyumba nzima itumie namba moja ya uanachama. Bibi, babu na shangazi wakikubali kuitaja namba hiyo kaunta, wamechangia masomo bila kutoa chochote mfukoni.

Hatua ya 4: Hamisha siku hiyohiyo

Hapa ndipo watu wengi hupotelea, nami nilipotelea hapo.

Programu ikikulipa pesa taslimu, ielekeze moja kwa moja kwenye akaunti ya mtoto. Vocha ndiyo yenye mtego. Vocha ya 250 ukiitumia dukani, 250 yako inabaki mfukoni, na jioni hutajua imekwenda wapi. Kwa hiyo nalipia kwa vocha kitu ambacho ningekinunua tu, na kabla sijatoka dukani natuma 250 kwa simu kwenda akaunti ya mtoto. Kama gharama ya kutuma inauma, andika hiyo 250 nyuma ya risiti na utume zote kwa pamoja mwisho wa mwezi. Risiti hizo nazibana kwa klipu jikoni.

Punguzo nalo ni vivyo hivyo. Risiti ikisema "umeokoa 80", hujaokoa kitu mpaka hiyo 80 ihame.

Hatua ya 5: Piga hesabu bila kujidanganya

Nyumba inayotumia 20,000 kwa mwezi ikirudishiwa asilimia 1 inapata 200 kwa mwezi, yaani 2,400 kwa mwaka. Kwa miaka 18 ni 43,200. Ikiwekwa kila mwisho wa mwaka kwa riba ya asilimia 5 isiyoguswa, inafika karibu 67,500. Hayo ni matumizi ya nyumba hiyo ya miezi mitatu na kidogo, na bei za vitu nazo zitakuwa zimepanda. Yatanunua vitabu, chuo hayatalipa.

Ndiyo maana pointi naziongezea mkono. Nyumba ileile ikiweka 500 zake kila mwezi juu ya zile 200, kwa riba ileile, inapita 236,000. Mimi nimeiagiza benki ikate yenyewe mara mshahara unapoingia, kwa sababu nikingoja kibaki, hakibaki.

Pa kuangalia

Usinunue ili upate pointi. Kitu cha 1,000 usichokihitaji kinakurudishia 10 na kuondoka na 990. Ofa za "pointi mara mbili wikiendi hii" nazitumia kwa vitu vilivyokuwa kwenye orodha tangu Jumatano tu.

Kadi ya mkopo yenye zawadi inafaa kwa anayelipa deni lote kila mwezi. Ukibakiza deni linalotozwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi, asilimia 1 uliyozawadiwa imekwisha ndani ya nusu mwezi.

Na ujue duka halitoi pointi kwa hisani. Linalipia taarifa za unachonunua, lini na kwa kiasi gani. Hiyo ni biashara, nami nimeikubali kwa upande wangu. Ila fomu ikiniuliza jina la mtoto na tarehe yake ya kuzaliwa, naiacha nafasi hiyo wazi. Jina lake liko benki.