Jinsi ya kutathmini athari za mradi mpya kwa malikale na majengo ya kihistoria

Mradi ukiletwa mezani kwangu, swali langu la kwanza ni hili: mchoro umeshapitishwa, au bado unaweza kusogezwa? Ukiwa umepitishwa, tathmini inageuka kuwa orodha ya vitu tutakavyovipoteza. Anza mapema, wakati kuhamisha barabara mita 30 bado ni kazi ya kufuta mstari tu.

Hatua ya 1: Ainisha kila mahali patakapoguswa

Wengi huishia kwenye kiwanja cha jengo. Omba michoro yote: barabara ya muda ya malori, machimbo ya kifusi, kambi ya wafanyakazi, sehemu ya kumwaga udongo, mitaro ya maji na ya nyaya. Nimeona malikale nyingi zikiharibiwa huko pembeni kuliko chini ya jengo lenyewe, kwa kuwa huko hakuna aliyekwenda kuangalia. Kwa kila kazi andika kina kitakachochimbwa.

Kisha ongeza athari zisizohitaji jembe. Mtetemo wa mashine za kupigilia nguzo hupasua kuta kuukuu. Maji ya ardhini yakishuka, mbao za kale zilizotunzwa na tope huanza kuoza. Mandhari nayo ni urithi: Bonde la Elbe mjini Dresden, Ujerumani, liliondolewa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2009, miaka mitano tu baada ya kuingizwa, kwa sababu ya daraja jipya lililokatiza mandhari yake.

Hatua ya 2: Soma, uliza, na usiharakishe kusema "pameshavurugwa"

Kusanya ramani za zamani, picha za angani, rejista ya malikale na ripoti za uchimbaji wa jirani. Keti na wazee pia, kwa sababu makaburi na sehemu za ibada mara nyingi hazimo kwenye rejista yoyote.

Hapa ndipo penye kosa ninaloliogopa kuliko yote. Ramani ya New York ya mwaka 1755 ilionyesha wazi eneo la makaburi ya Waafrika. Karne mbili baadaye, wakati jengo la serikali linapangwa, iliaminika kwamba misingi na vyumba vya chini vya majengo yaliyofuata vilikuwa vimeshayamaliza makaburi hayo. Mwaka 1991 mifupa ikaanza kutokea. Eneo lile lilikuwa bonde lililofukiwa kwa kifusi cha mita kadhaa, na wafu walikuwa wamelala salama chini yake. Mabaki ya watu 419 yalitolewa kabla uchimbaji haujasimamishwa kutokana na malalamiko ya jamii, na sehemu ya mradi ikabidi iachwe. Kwa hiyo mtu akikwambia eneo limeshavurugwa, muulize: hadi kina gani?

Hatua ya 3: Tembea, kisha fungua ardhi

Tembeeni kwa mistari, mkiachana mita 10 hadi 20. Penye majani mengi, tafuta pale ardhi ilipojifungua yenyewe: kingo za makorongo, udongo uliotolewa na fuko, mashina ya miti iliyoanguka.

Ukiokota kigae cha chungu, kipitishe kidole ukingoni. Ukingo mkali unaonyesha kwamba hakijasafiri mbali. Kilikotoka ni karibu. Ukingo uliolainika kama jiwe la mtoni unakwambia huenda kimeletwa na maji, basi panda mlima ukafuate chanzo.

Chimba mashimo ya majaribio hata pale juu pasipoonekana kitu. Ukuta wa shimo ukikauka, unyunyizie maji kidogo: mstari wa mkaa au shimo la nguzo ya nyumba ya kale hujitokeza ghafla kwa rangi.

Hatua ya 4: Pima uzito wa kilichopatikana

Je, ni adimu? Bado ni kizima? Kina maana gani kwa wenyeji? Swali la mwisho wajibu wao wenyewe.

Hatua ya 5: Linganisha kina na kina

Tuseme tabaka la udongo lenye mabaki ya kale linaanza sentimita 60 chini. Msingi wa mita 1.2 utalikata. Barabara inayokwangua sentimita 30 italiacha, lakini malori mazito yataliponda. Hapo usikwangue, tandika kitambaa cha kutenganisha udongo, kisha mwaga kifusi juu.

Hatua ya 6: Pendekeza kwa mpangilio huu

Kwanza epuka. Ikishindikana, punguza athari. Uchimbaji wa uokoaji, yaani kuvichimbua vitu vya kale kabla ujenzi haujaviharibu, uje mwisho, maana nao unaharibu: tabaka lililochimbwa halirudi. Ukiupendekeza, bajeti ibebe pia usafishaji, uhifadhi, ripoti na mahali pa kutunza vitu. Nimeona lebo za masanduku ya vigae zikiozea stoo kwa kuwa fedha ziliishia shimoni.

Hatua ya 7: Andaa utaratibu wa vitu vitakavyoibuka kazini

Ukurasa mmoja unatosha: simamisha mashine, zungushia kamba, mpigie nani. Ikiwa ni mifupa ya mtu, ifunikwe kwa heshima na picha zisisambazwe. Nakala ikae ndani ya katapila, siyo ofisini tu. Mwendeshaji ndiye atakayekiona kitu kwanza, kwa hiyo mpe kigae akishike na umwonyeshe ule udongo mweusi wa shimo la kale kabla hajawasha injini siku ya kwanza.