Kuunganisha picha tatu ziwe HDR

HDR ni picha moja inayoonyesha vizuri sehemu za giza na za mwanga mkali kwa pamoja. Weka kamera kwenye tripodi upige picha tatu za RAW (faili ghafi la kamera), moja ya kawaida, moja -2 EV (yenye giza zaidi) na nyingine +2 EV (yenye mwanga zaidi), ila apecha (tundu la lenzi linalopitisha mwanga) usiiguse kabisa maana ukiibadilisha na eneo lililo kwenye fokasi linabadilika, we cheza na spidi ya shata tu (muda ambao kamera inapokea mwanga). Kwenye Lightroom Classic, programu ya kulipia ya kuhariri picha, zichague zote tatu halafu bonyeza Ctrl+H, programu inaziunganisha yenyewe. Kama kuna watu au majani yalikuwa yanacheza na upepo washa Deghost, inayoondoa vivuli vya vitu vilivyosogea, la sivyo utaona mtu ana mikono minne. Hutaki kulipia? Luminance HDR ni ya bure. Alafu jamani rangi msizidishe, mbona anga linakuwa zambarau!