Dar mpaka Mbeya na kigari kidogo: mambo ya kuzingatia kabla hujawasha

Kama wewe na rafiki yako mmepanga kutoka Dar kwenda Mbeya na Vitz, IST, Passo au kigari chochote cha saizi hiyo, soma hii kabla hujaenda kujaza mafuta. Ni kilomita 800 na ushee. Gari inafika, mimi nimeshafika nayo, ila gari ndogo ukiipeleka kienyeji itakulaza njiani.

Servisi fanya wiki moja kabla, sio jioni ya kuamkia safari, ili fundi akiacha kitu kimelegea ukigundue ukiwa bado mjini. Oili, plagi, breki pedi, wipa, taa zote. Rejeta weka kulanti sio maji ya bomba, na zibonyeze hozi kwa mkono uone kama zimeanza kukakamaa, maana mlima Kitonga, ule wa kabla ya Iringa, ndio unaoanika rejeta mbovu. Ikichemsha zima AC, kaa pembeni, na mfuniko wa rejeta usiuguse mpaka injini ipoe kabisa, watu wameungua nyuso kwa haraka ya dakika 10.

Leseni, bima, traiango 2, mtungi wa zimamoto. Hivyo trafiki atakuuliza, beba tu.

Tairi angalia umri sio kashata (yale meno yanayokanyaga barabara) peke yake. Ubavuni kwenye maandishi ya DOT kuna namba 4 za mwisho, ikiwa 2316 basi limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016, na tairi la hivyo hata kama linang'aa usiende nalo. Upepo fuata stika iliyo kwenye mlango wa dereva, na jaza tairi zikiwa za baridi.

Sasa spea. Kila mtu atakwambia beba spea tairi, jeki na wili spana, na sisi tulibeba vyote. Tulitoka Dar saa 11 alfajiri, tukapokezana usukani, Morogoro tukapita, hifadhi ya Mikumi tukapita, tukashuka kwenye lile bonde la mibuyu kabla ya Ruaha Mbuyuni, saa 7 mchana jua la kupasua kichwa. Gari ikaanza kuvuta kushoto, tairi la nyuma limekwisha. Tukasema si pancha tu, dakika 15 tunaondoka. Nati 3 zikafunguka. Ya 4 spana inazunguka tu hewani, kuinama kuangalia, haina zile kona 6, ni duara lenye vijimeno vya ajabu. Nati ya loki! Aliyeniuzia gari aliweka rimu za spoti na hizo nati ili zisiibiwe, moja kila gurudumu, na ufunguo wake ni kijichuma kama kidole gumba ambacho mimi nilikua nimekiona mara moja tu, kwa mafundi wa tairi walionifanyia balansi wiki ile. Nikawapigia simu. Wakaniambia kipo, kipo hapa mezani. Meza iko Dar.

Traiango yetu yenyewe ilikua imevunjika mguu, kila lori likipita upepo unailaza chini. Lori moja la kwenda Tunduma likasimama, tukamuamkia dereva, mtu mzima, akainama akaangalia akasema "wanangu, hiyo bila ufunguo wake mtalala hapa". Lakini hakutuacha hivihivi, akamtuma utingo wake akakata matawi akayapanga barabarani nyuma ya gari yetu mbali kabisa, akatuachia na dumu la maji. Mpaka leo namuombea yule mzee. Rafiki yangu akapanda bodaboda mpaka Ruaha Mbuyuni kutafuta fundi, mimi nimebaki peke yangu na gari, naogopa kukaa ndani lori lisije kutugonga na naogopa kwenda mbali na mizigo.

Fundi alifika saa 10 imepita. Alichukua boksi spana (ile ya kuvalisha juu ya nati) kuukuu, iliyo ndogo kidogo kuliko nati, akaigonga kwa nyundo mpaka ikang'ata, akachomeka bomba refu kwenye mpini, akalikanyaga kwa mguu. Ikalia kaa! ikafunguka. Boksi yake haikutoka tena ndani ya ile nati, tukamlipa na boksi. Tukaja kupanda Kitonga giza limeingia, nyuma ya msululu wa malori, kitu ambacho tulikubaliana toka Dar hatutakifanya.

Kwa hiyo Jumamosi kabla ya safari toa gurudumu zote 4 nyumbani kwako, kwa mkono wako, kwa vifaa vilivyomo kwenye buti tu, usiazime cha jirani. Rafiki yako naye atoe angalau moja, maana siku hiyo huenda wewe ndio unaumwa. Ukikuta nati za loki nunua za kawaida uzitupe hizo. Ifunge na spea yenyewe uendeshe kidogo, nati za rimu za spoti wakati mwingine hazikai vizuri kwenye rimu ya chuma. Kama spea yako ni donati, lile tairi jembamba la muda, ujue mwisho ni 80 kwa saa, ni ya kukufikisha kwa fundi sio Mbeya.

Na huyo rafiki muongee hela kabla, mafuta nani, pancha nani, faini inamhusu aliyeshika usukani. Aliyekaa kushoto halali, kazi yake kumuongelesha dereva.

Vijijini mwendo ni 50 kwa saa, tochi za trafiki zipo na watoto wapo. Ndani ya hifadhi ya Mikumi 70 mchana 50 usiku, usishuke kupiga picha, na tembo akiwa barabarani subiri amalize shughuli zake. Kurudi Dar, Kitonga unaishuka, weka gia ndogo, L au 2 au B kutegemea gari yako, usining'inie kwenye breki mpaka zinuke. Maji lita 10, pesa taslimu kidogo, pawabanki, tochi ya kuvaa kichwani. Usiku msiendeshe, laleni Iringa au Makambako. Ukichoka sema umechoka. Na ukikuta matawi yamepangwa barabarani punguza mwendo hapohapo hata kama huoni kitu, mbele kuna gari imeharibika na pengine kuna mtu kachuchumaa pembeni ya tairi.