Maandalizi ya filamu fupi ya chuo kabla ya kushuti, kwa tunaoshutia Mwanza na kando ya ziwa (SOMO)

Wadau, kila wiki inboksi yangu ni swali lile lile, "dada tuna filamu ya chuo, hela hatuna, tuanzie wapi", kwa hiyo naandika hapa mara moja na kuanzia leo anayeuliza namrudisha kwenye uzi huu. Naongelea filamu ya dakika kumi mpaka kumi na tano, kamera ya kuazima, watu wanajitolea.

1. Skripti iishe kwanza. Ukurasa mmoja uhesabu kama dakika moja.

2. Chambua skripti sini kwa sini: nani yumo, wapi, mchana au usiku, vitu gani vinashikwa mkononi. Halafu punguza lokesheni, maana kila lokesheni mpya ni nauli, ni ruhusa nyingine na ni nusu siku ya kuhamisha vitu. Yenye lokesheni nane irudi kwa mwandishi itoke na tatu. Mfano, mama anaweza kupokea taarifa ya msiba hapo hapo uani anapochambua mchele, hospitali hatuihitaji, na mara nyingi sini inakuwa nzito zaidi kwa sababu mchele bado uko kwenye ungo na hajui auweke wapi.

3. Vibali. Kuna Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 na msimamizi ni Bodi ya Filamu, mambo ya "sisi ni wanafunzi tu" hayakutoi. Chukua barua ya utambulisho chuoni, nenda kwa afisa utamaduni wa wilaya (Kirumba ni Ilemela, Capri Point ni Nyamagana, usipeleke barua kusiko), kisha mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, ongea na viongozi wa BMU (kikundi kinachosimamia mwalo) kabla hujatoa kamera kwenye begi. Bandari, vivuko, polisi na kambi usielekeze kamera bila ruhusa ya wenyewe.

4. Kukagua lokesheni. Hapa tulieni, ndipo filamu nyingi za huku zinapofia.

Kwenda Jumapili mchana, kupiga picha kwa simu na kusema pazuri, huko sio kukagua. Nenda siku ile ile ya wiki na saa ile ile utakayoshuti. Mwaloni Kirumba asubuhi sio Kirumba ya jioni, asubuhi magunia ya dagaa yanapakiwa, lori linarudi nyuma linalia, wabebaji wanapiga kelele upishe njia, na mazungumzo yako ya mapenzi yanaishia hapo. Simama na hedifoni dakika tano, rekodi, kasikilize nyumbani. Uliza jirani mwenye mashine ya kusaga anawasha saa ngapi. Nyumba ya bati bila dari, mvua ikianza huna sauti tena, na kuanzia Machi mpaka Mei panga ukijua hilo. Mchana upepo wa ziwani unaingia, maiki isiyo na kitambaa cha manyoya itakupa mvumo mtupu. Jua nalo huku linazama kati ya saa 12 na nusu na saa moja na kidogo, linashuka wima, ule mwanga mzuri wa jioni usiuwekee zaidi ya sini moja fupi.

Sasa kubwa kuliko yote, MWEZI. Wavuvi wa dagaa wanavua usiku kwa taa, dagaa wanafuata mwanga, na mwezi ukiwa mkali taa haina kazi kwa hiyo mitumbwi inapumzika. Kundi letu skripti nzima ilisimama juu ya zile taa zinazoonekana ziwani kama mji, tukafika mwezi umejaa, mitumbwi imelala mchangani, wenyewe wanashona nyavu, kamera inatakiwa kurudishwa kesho yake. Wala dagaa wa kuanika hakukuwa. Kwa hiyo tarehe ya kuazima kamera HAIPANGWI kabla hujaongea na mvuvi, sio kalenda ya simu peke yake, mvuvi, maana kuna upepo na kuna kufungwa kwa uvuvi ambavyo kalenda haikuambii. Weka na siku ya akiba.

5. Bajeti. Chakula na maji kwanza, nauli ya pili, betri na memori kadi ya tatu, nguo mwisho. Asilimia kumi weka pembeni usiiguse. Mtu anayejitolea akikaa na njaa mpaka saa tisa kesho haji, na hana kosa.

6. Waigizaji. Chagua mwenye nafasi siku zote za kushuti kabla ya mwenye sura. Wote wasaini fomu ya ridhaa, mtoto asainiwe na mzazi.

7. Jaribu vifaa vyote siku moja kabla.

MASWALI

Mdau wa Igoma: Dada sijasoma yote, kibali ni lazima?
Jibu: Hatua ya 3. Isome.

Binti Nyegezi: Shikamoo dada. Tuna sini ya baba na mwana wanaongea ndani ya mtumbwi usiku, taa tuna moja ndogo. Inawezekana kweli?
Jibu: Marhaba mdogo wangu, inawezekana sana. Usiende majini. Mtumbwi ufungwe ufukweni kwenye maji ya magotini, watu wawili nje ya picha wautikise taratibu, kamera ikae nchi kavu. Shuti jua likishazama tu anga bado lina bluu, utaona mstari wa ziwa nyuma yao, giza likikolea ile taa yako itaonyesha nyuso mbili na weusi mtupu. Taa iweke ndani ya mtumbwi kama taa yao ya kazi. Mkimaliza warudie maneno yote pembeni mkirekodi sauti tu. Niambie baba anamficha nini mwanae, nikusaidie kupanga shoti.

Kamera Moja: Sisi tutaingia majini kabisa, tunajua kuogelea, maboya yanaharibu picha.
Jibu: Hapana. Ziwa hili lilichukua watu wa MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018, mkoa huu hauna familia ya kufundishwa hilo. Kila mtu majini avae boya. Boya likiharibu picha, badilisha picha.

Mzee wa Droni: Nataka Bismarck Rock, lile jiwe la ziwani, kutoka juu.
Jibu: Droni ina utaratibu wake TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga), na uwanja wa ndege wetu uko kando ya ziwa, usijirushie tu. Mji huu ni vilima vya mawe, panda Capri Point na stendi ya kamera utapata ziwa na mji bila droni.

Kijana wa Buzuruga: Wimbo wa Bongo Flava sekunde 20 si hauna shida?
Jibu: Una shida. Hakimiliki haina sekunde za bure za mtaani, na ukitaka kuipeleka filamu ZIFF (tamasha la filamu la Zanzibar) utaulizwa ruhusa. Tafuta mwanafunzi anayepiga gita, mwandikishane.

Mama Dagaa: Nyongeza dada. Taa zenu usiku zitavuta wale wadudu wa ziwani, wanajaa mpaka mdomoni. Washeni taa nyingine kali mbali kidogo waende huko, yenu muiwashe mkiwa tayari tu.
Jibu: Asante mama, naiongeza kwenye hatua ya 4. Na mwezi wa giza ndio wanazidi?
Mama Dagaa: Huko ndiko wanajaa haswa. Vyakula mfunike.